Luigi Broglio: Mhandisi wa Jukwaa la Ngwana na Safari ya Uhuru

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii inayaafiki maisha ya Luigi Broglio, mhandisi wa Italia aliyejenga kituo cha kurushia roketi katika pwani ya Kenya, wakati ambapo roketi nyingi za dunia zilikuwa zikianguka kabla ya kufika zilikokusudiwa. Jina lake halijulikani sana miongoni mwa wapenzi wa Kiswahili. Hata hivyo, ni kutoka kwenye jukwaa lake ambapo neno moja la Kiswahili liliondoka duniani mwaka wa 1970 na kuingia katika orodha za wanafalaki wa ulimwengu mzima. Neno hilo ni Uhuru. Hadi leo, mtaalamu wa Tokyo au wa Chicago anapoandika jina la chanzo fulani cha miale ya eksirei angani, huanza kwa tarakimu 4 na herufi U, na herufi hiyo ni kifupisho cha neno letu.

Ili kuufahamu uzito wa kazi ya Broglio, ni vyema kwanza kuufikiria wakati na kina chake. Wakazi wa Homa Bay na Migori wanaishi juu ya ushahidi wa kale. Katika kisiwa cha Rusinga, Mary Leakey alifukua mwaka wa 1948 fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Huko Migori, katika maeneo kama Macalder, wachimbaji hutafuta dhahabu katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Anga nayo ina ukale wake, na ukale huo haufukuliwi kwa sururu bali huchimbuliwa kwa nuru. Nuru huchukua muda kusafiri; kwa hiyo anayetazama mbali hutazama zamani. Mwaka wa 1963, mwanafalaki Maarten Schmidt alitambua kwamba kitu kilichoitwa 3C 273, ambacho kilifanana na nyota ya kawaida, kilikuwa mbali kupindukia. Nuru yake ilianza safari yapata miaka bilioni 2 iliyopita, wakati ambapo miamba ya Migori ilikuwa tayari imezeeka. Vitu vya aina hiyo vilipewa jina la kwasari. Kila kwasari ni kiini angavu cha galaksi, ambamo shimo jeusi kubwa mno linavuta gesi, nayo gesi hiyo hupata joto kali na kung'aa kuliko nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa.

Sehemu kubwa ya habari za vitu hivyo huja kwa miale ya eksirei, lakini miale hiyo haifiki ardhini kwa sababu angahewa huizuia. Hapakuwa na njia ya kuiona isipokuwa kupeleka macho juu ya hewa. Kupeleka macho huko kulihitaji roketi, na hapo ndipo Broglio anapoingia katika kisa hiki.

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 6 Novemba 1911 huko Mestre, ng'ambo ya mji wa Venice. Alisomea uhandisi mjini Roma na kujiunga na Jeshi la Anga la Italia kama afisa mhandisi, ambako hatimaye alifikia cheo cha jenerali. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Italia ilikuwa nchi iliyoshindwa na yenye uchumi ulioporomoka. Broglio alirejea chuoni, akafundisha sayansi ya miundo ya ndege, na katika miaka ya 1950 akawa mkuu wa shule ya uhandisi wa ndege ya Chuo Kikuu cha Roma. Hakuwa mtu wa maabara tu, wala hakuwa askari tu. Alizijua lugha mbili ambazo aghalabu hazisikilizani: lugha ya wanasayansi wanaouliza maswali na lugha ya maafisa wanaoidhinisha fedha. Uwezo huo wa kusimama baina ya pande mbili ndio uliomfaa zaidi maishani.

Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik mwaka wa 1957, na mataifa mengi ya Ulaya yakaanza kujiuliza nafasi yao ilikuwa wapi. Nchini Italia, Broglio alishirikiana na mwanafizikia Edoardo Amaldi kuanzisha utafiti wa anga. Mwaka wa 1961, kikosi chake kilirusha roketi ndogo kutoka kisiwa cha Sardinia. Roketi hizo zilimwaga mvuke wa sodiamu katika tabaka za juu za hewa, nao mvuke uling'aa na kuonyesha jinsi upepo wa huko ulivyovuma. Lakini roketi ndogo hupanda na kushuka kwa dakika chache. Broglio alitaka setilaiti, yaani chombo kinachobaki juu kikiizunguka dunia.

Palikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuunda roketi kubwa mpya, na ndiyo iliyofuatwa na mataifa kadhaa ya Ulaya yaliyoungana kuunda roketi iliyoitwa Europa. Njia ya pili, ambayo Broglio aliichagua, ilikuwa ya unyenyekevu zaidi: kuchukua roketi ndogo ya Wamarekani iliyoitwa Scout, kuwafunza Waitaliano kuirusha, na kuipeleka mahali ambapo dunia yenyewe ingeisaidia kupanda. Mahali hapo ni ikweta.

Sababu yake si ngumu kueleza. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kila kilichoko juu yake huzunguka nayo. Mtu aliyesimama kwenye ikweta huenda kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa bila kujua. Mtu aliye Wallops, kituo cha Marekani katika jimbo la Virginia, huenda kwa kasi ya karibu kilomita 1,320 tu. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka ikweta hupewa zawadi hiyo ya kasi kabla ya kuchoma hata chembe moja ya fueli. Zaidi ya hayo, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembechembe kali zilizonaswa na usumaku wa dunia, ambazo huvuruga vyombo vya kupimia.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi kituo hakikujengwa upande wa Nyanza. Homa Bay iko takriban nusu digrii tu kusini mwa ikweta, na Migori iko takriban digrii moja, ilhali kituo cha Broglio kiko karibu digrii tatu. Jibu liko katika kile kinachoanguka. Roketi ya Scout ilikuwa na sehemu nne, na kila sehemu ilipomaliza kazi yake iliachwa iporomoke. Roketi inayorushwa kutoka ufuo wa Homa Bay kuelekea mashariki ingepita juu ya mashamba na maboma ya Kisii na Bomet. Roketi inayoharibika ingeangukia watu. Aliyeichagua bahari alikuwa ameukubali ukweli kwamba roketi huanguka, akaamua mapema mahali pa kuangukia. Kwa hiyo Broglio alichagua ghuba ya Ngwana, karibu na kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambapo upande wa mashariki hakuna kitu isipokuwa Bahari ya Hindi.

Mradi wenyewe uliitwa San Marco, kwa jina la mtakatifu Marko, mlezi wa mji wa Venice. Makubaliano na shirika la anga la Marekani yalitiwa saini mwaka wa 1962, na kazi ikapangwa kwa hatua tatu. Kwanza, kujaribu vyombo na jukwaa kwa roketi ndogo. Pili, kurusha setilaiti ya Italia kutoka Wallops kwa mikono ya Waitaliano wenyewe. Tatu, kurusha setilaiti kutoka baharini.

Mambo hayakuwa mteremko. Mnamo Julai 1963, roketi moja ya Scout iliharibika huko Wallops sekunde chache tu baada ya kuwashwa. Haikuwa ya kwanza kushindwa, na wasimamizi walilazimika kusimamisha shughuli na kuupitia upya utaratibu mzima wa kuunda na kukagua roketi hizo. Kwa Broglio, tukio hilo lilikuwa pigo, kwani roketi hiyo ndiyo aliyoiwekea matumaini yote. Hata hivyo hakuibadilisha njia. Mwezi Machi 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kujitawala, kikosi chake kilirusha roketi ndogo za majaribio kutoka jukwaa la Santa Rita katika ghuba ya Ngwana. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, Waitaliano walirusha San Marco 1 kutoka Wallops, na Italia ikaingia katika orodha fupi ya nchi zilizokuwa na setilaiti zao.

Hatua ya tatu ilikuwa ndiyo hasa. Jukwaa la pili, lililopewa jina la San Marco, lilivutwa baharini hadi Kenya na kusimamishwa kwa miguu ya chuma iliyokita katika mchanga wa bahari. Jukwaa moja lilibeba roketi, na lile la Santa Rita likawa makao ya watu wa kuiongoza. Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 iliruka kutoka hapo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Ndani yake mlikuwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe, ambacho wataalamu walikiita mizani ya Broglio. Setilaiti ilikuwa tufe la upana wa takriban sentimita 66, na ganda lake la nje liliunganishwa na kiini cha ndani kwa vishikizo laini. Hewa chache iliyobaki huko juu ilipolisukuma ganda, vishikizo vilijikunja kidogo, na msogeo huo mdogo ulionyesha uzito wa hewa iliyokuwepo. Ni mfano mzuri wa fikra za mtu huyu: kupima kitu kikubwa kwa kusikiliza tetemeko dogo.

Wakati huohuo, huko Marekani, Riccardo Giacconi, mwanafizikia mwingine mzaliwa wa Italia, alikuwa akitafuta njia ya kuona anga kwa eksirei. Yeye pia alionja machungu. Mnamo Oktoba 1961, roketi yake ya kwanza ilipanda vizuri, lakini milango iliyopaswa kuvifunua vyombo haikufunguka. Mwezi Juni 1962 kikosi chake kilijaribu tena, na katika dakika chache za kuwa juu ya hewa kikagundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya jamii ya jua letu. Dakika chache hazikutosha. Alihitaji setilaiti, tena setilaiti ya kuzunguka juu ya ikweta. Mahali pafaapo palikuwa pamekwisha kujengwa Ngwana.

Mwaka wa 1970 ulizipa njia zile mbili kipimo cha wazi. Mwezi Juni, roketi ya Europa ilirushwa kutoka Woomera, Australia, ikiwa na setilaiti ya majaribio iliyoundwa Italia. Kifuniko cha kichwa cha roketi kilikataa kubanduka, na setilaiti haikufika kwenye mzingo wake. Mnamo Novemba 1971, roketi nyingine ya jamii hiyo ililipuka baada ya kuruka kutoka Guiana ya Wafaransa, na mradi wote ukafa. Katikati ya misiba hiyo miwili, tarehe 12 Desemba 1970, kikosi cha Broglio kiliwasha Scout moja juu ya jukwaa la San Marco. Ilibeba setilaiti ya Marekani yenye uzito wa takriban kilo 140, nayo ilifika salama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine.

Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo kwa upande wa Marekani, aliipa setilaiti jina la Uhuru kwa heshima ya nchi mwenyeji. Neno hilo halikuwa jepesi nchini wakati huo. Katika iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo ndiyo Homa Bay na Migori za leo, watu walikuwa bado na jeraha la Tom Mboya, aliyeuawa jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa kisiwani Rusinga. Waliokuwa wameuimba uhuru kwa shangwe walikuwa wameanza kuhesabu gharama yake. Neno hilohilo, pamoja na mzigo wake, sasa lilikuwa likiizunguka dunia mara moja kila baada ya dakika 96 hivi.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi ya eksirei pekee. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 12, ikiifagia anga kipande kwa kipande hadi Machi 1973. Iligundua nyota zilizokufa zinazonyonya gesi ya nyota jirani na kupiga kama moyo, mojawapo kila baada ya sekunde 4.8. Vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 viliwaelekeza wataalamu kwenye shimo jeusi la kwanza lililokubaliwa na wengi. Ilionyesha kuwa makundi ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la kutisha. Iliiona pia ile kwasari ya 3C 273. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka wa 1978, ina vyanzo 339, na ndiyo iliyoipa dunia zile alama za 4U.

Palikuwa na fumbo moja ambalo Uhuru ililipima bila kulifumbua: anga nzima iling'aa kwa eksirei hafifu zisizo na chanzo cha kuonekana. Darubini zilizofuata, zenye macho makali zaidi, zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya mng'ao huo hutoka kwa kwasari na jamaa zake zisizohesabika, zilizo mbali mno. Siku hizi zinajulikana kwasari ambazo nuru yake ilianza safari wakati ulimwengu ulikuwa na umri wa chini ya miaka milioni 700, ilhali sasa una umri wa miaka takriban bilioni 13.8. Jinsi mashimo meusi yalivyoweza kunenepa kiasi hicho ulimwengu ukiwa bado mchanga ni swali linalowasumbua wataalamu hadi leo. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2002.

Broglio hakuishi kuiona siku hiyo. Baada ya Uhuru, jukwaa lake lilirusha setilaiti nyingine kadhaa, zikiwemo SAS-2 mwaka wa 1972, Ariel 5 ya Uingereza mwaka wa 1974 na SAS-3 mwaka wa 1975. Kwa jumla, setilaiti 9 ziliondoka Ngwana, na zote zikafika angani. Ya mwisho, San Marco ya tano, iliruka tarehe 25 Machi 1988. Broglio alitaka kuendelea kwa kuiimarisha Scout iwe na nguvu zaidi, lakini shirika jipya la anga la Italia, lililoundwa mwaka huohuo, lilikuwa na mipango tofauti. Ndoto hiyo haikutimia. Mtu ambaye hakushindwa na bahari wala moto alishindwa na vikao. Alifariki mjini Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89, na baadaye kituo cha Malindi kikapewa jina lake.

Sifa hizi hazipaswi kufunika swali la haki. Kenya ilitoa ghuba, ikweta na jina. Maarifa yaliyopatikana yalienda kwingine. Kwa miaka mingi Wakenya walinung'unika kuwa mikataba ya kituo hicho haikuwafaidi vya kutosha, na mkataba mpya ulitiwa saini mwaka wa 2016. Shirika la Anga la Kenya liliundwa mwaka wa 2017. Mwaka wa 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na chuo kilekile cha Roma alichofundisha Broglio, ilitolewa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kisha mwezi Aprili 2023, baada ya kuahirishwa mara kadhaa, Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Mkasa huu una kinaya kisichohitaji mhakiki: setilaiti ya Wamarekani yenye jina la Kiswahili ilitoka Kenya, na setilaiti ya Wakenya yenye jina la Kiswahili ilibidi itoke Marekani. Majukwaa ya Ngwana, wakati huo, yalikuwa yakiliwa na kutu.

Hata hivyo, lawama zote hazimwangukii marehemu. Yeye alionyesha kwamba nchi isiyo na mali nyingi yaweza kufika mbali ikichagua chombo kidogo, ikikubali kuanguka, na ikijua mahali pa kusimama. Somo hilo linawahusu wanaosoma Kiswahili kama linavyowahusu wahandisi. Neno Uhuru lilipanda kwa heshima ya wageni. Maneno ya kueleza kile kilichoonwa na Uhuru hayana budi kutungwa na wenyewe. Lugha inayoweza kutaja dhahabu ya Migori, mifupa ya Rusinga na taa za wavuvi wa omena usiku kwenye ziwa la Homa Bay haishindwi kuitaja kwasari. Jukwaa lipo tayari. Mcheza kwao hutuzwa.